Lumbesa ya Kwenda Ulaya

Jumatatu, 6 Juni 1994
Leo nimezaliwa upya! Mwalimu Theonest, aliyeshughulika na mizigo ya ndege miaka mingi kabla ya kuja kutufundisha chuoni Kinondoni, katangaza nafasi ya mafunzo kwa vitendo uwanja wa ndege. Nafasi moja tu, nasi tuko kumi na wanne. Ijumaa kila mtu alete mzigo aliofunga mwenyewe, gunia au sanduku lililojaa, kama unaokwenda Ulaya. Mwenye nauli ndogo kuliko wote ndiye atakayekwenda. Nimekwisha kujiona na koti la rangi ya chungwa na redio ya upepo mkononi. Nilipofika nyumbani Mtoni nikamwambia mama kwamba nafasi ni yangu. Mama kawaambia majirani. Sasa lazima iwe yangu.

Jumanne, 7 Juni
Nimepata! Nauli ya ndege ni kilo. Basi kinachotakiwa ni kitu chepesi. Sufi! Nyumba hii imejaa sufi: mito sita na godoro la wageni, ambao hawajatokea tangu mwaka juzi. Nimefumua vyote, mama akiwa msibani Mbagala. Nasikia Adelina ataleta kinyago cha mpingo. Huyu ni binti wa mchonga vinyago wa mtaa wa pili, hukaa dawati la mbele na kuandika hata kikohozi cha mwalimu. Mpingo, mzito kama chuma! Nilimwonea huruma kama dakika mbili.

Jumatano, 8 Juni
Sikwenda darasani, nina mambo makubwa zaidi. Nimekwenda Buguruni kwa mjomba Mwinshehe, muuza viazi na bingwa wa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba cha kamba juu yake na kujazwa tena. Mali inazidi, bei inabaki ya gunia moja. Nikamuuliza kama itafaa kwa ndege. Akasema, "Gunia ni gunia, mpwa wangu, hata likipanda ndege." Sufi yote ikaingia. Juu kabisa akanifungia kishungi cha katani, kwa urembo.

Jioni Adelina kapita kuniambia kwamba leo mwalimu kafundisha kilo za hewa, na kwamba nikitaka ataniazima daftari. Kilo za hewa! Nikamwambia asante, mie hewa navuta bure. Kaondoka anatikisa kichwa. Wivu huo.

Alhamisi, 9 Juni
Mama karudi, kaulizia mito. Nikasema imekwenda kuanikwa. Kauliza wapi. Nikasema Buguruni. Mchana kajilaza, kichwa juu ya mfuko wa unga. Nikamwahidi kwamba nikianza kazi uwanja wa ndege nitamnunulia mito ya sponji. Akasema, "Mudathir, mie nataka ile ile." Kesho ataelewa.

Ijumaa, 10 Juni
Balaa. Ilianza vizuri mno! Kwenye mzani gunia langu lilisoma kilo tisa. Darasa zima likanyoosha shingo. Kinyago cha Adelina, ndani ya sanduku lililokibana kila upande, kikasoma kumi na moja. Nikampa mkono Gaspar aliyekaa kando yangu, kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Hapo mwalimu akatoa futikamba. Akapima upana. Akapima kimo hadi juu ya kilemba, kisha akasimama kwa ncha za vidole na kuendelea hadi mwisho wa kishungi. Nikamwambia kile ni urembo tu. Akaniuliza nani ataweka mzigo wake ubavuni mwa kishungi changu ndani ya ndege. Akaeleza upya, kwa ajili yangu peke yangu, kwamba nafasi inayokaliwa na mzigo nayo hugeuzwa kilo, na kinacholipiwa ni kilicho kikubwa kati ya hiyo na mzani. Mimi: kilo sabini na nane. Kishungi peke yake kilo tisa, sawa na sufi yote! Adelina kabaki na kumi na moja zake, chache kuliko za wote, na nafasi kachukua yeye. Kanipa pole, tena pole ya kweli. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nimerudi Mtoni na gunia kichwani. Majirani walidhani ni mzigo wa kwanza wa kazini, wakanipongeza. Niliwashukuru.

Jumamosi, 11 Juni
Asubuhi yote nimemsaidia mama kurudisha sufi kwenye mito. Hakunigombeza, kazi yake ilikuwa kupiga chafya tu. Nilikuwa na huzuni kweli, hata chai haikupita. Nikawaza na kuwaza. Mara nikaliona kosa langu, na nilishangaa darasa zima halikuliona! Lile gunia lilikuwa limesimama. Mzigo ukisimama lazima kimo chake kiwe kikubwa. Septemba kuna nafasi nyingine uwanja wa ndege, na safari hii lumbesa yangu nitailaza chini. Hapo mwalimu na futikamba yake atapima kimo gani? Nikamwambia mama godoro tusilishone kwanza.