Shavu la Kushoto la Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimeumbuka. Mhariri kabandika ukutani kurasa zote mia moja arobaini na nane za kitabu changu cha katuni, kuanzia mlango wa ofisi hadi mlango wa choo. Miaka mitatu ya kazi! Nikadhani anataka kunipongeza. Kumbe anataka kujua kwa nini shujaa wangu, Chuma, ana shingo ndefu mlangoni, hana shingo dirishani, na akifika chooni ana mashavu ya mtu aliyebana pumzi. Kovu la shavu la kushoto tu ndilo lililomvumilia safari nzima. Kasema mpaka Ijumaa Chuma awe mtu mmoja. La sivyo, kitabu anapewa Rula akichore upya.

Rula! Yule wa meza ya pili, anayepiga mstari hata akiandika jina lake. Kila mhusika wake kamchorea karatasi ya sura: mbele, ubavuni, kisogoni. Aliwahi kunishauri nami nitengeneze. Nikamjibu Chuma ninaye kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaonyesha wa nyumbani ukurasa wa kwanza na wa mwisho, angalau nitiwe moyo. Mama mkwe kasema huyu wa kwanza ndiye aliyekuja kuposa, na huyu wa mwisho ndiye aliyebaki na binti yake. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Haya, chekeni!

Dawa nimeipata. Muhuri! Nachonga uso wa Chuma mara moja tu, kisha nagonga kila kisanduku. Raba zangu za kufutia zote ndogo. Lakini mlangoni kulikuwa na ndala za mama mkwe, soli nene, laini. Nikachukua ya kushoto. Nimechonga kwa wembe mpaka adhuhuri: nyusi, pua, kovu, tabasamu. Nikamsikia anauliza nani kaiona ndala yake. Nikainamia kazi.

Jumatano, 5 Machi

Nafuta uso wa zamani kwa rangi nyeupe, nagonga mpya. Zote sawasawa! Rula kapita, kaangalia, kaenda zake. Wivu huo.

Mchana nikafika ukurasa wa themanini, Chuma anamzika mama yake. Anatabasamu. Anatupa udongo kaburini, meno yote nje. Nimemwongezea machozi. Sasa amekuwa mtu aliyechoka kusubiri urithi.

Alhamisi, 6 Machi

Maskini mimi! Kovu liko kulia. Kwenye soli nililichonga kushoto, muhuri ukigongwa unageuza. Na kurasa mia na kumi nimeshazimaliza! La kuvunda halina ubani.

Subiri. Lina ubani: pacha! Nimeandika ukurasa wa kwanza kwamba huyu ni pacha wake, na Chuma mwenyewe anafika ukurasa wa mia na kumi na moja. Mke wangu kaniuliza kwa upole kwa nini nisichore tu ile karatasi ya sura, kazi ya saa moja. Nimemwambia saa moja naitoa wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Mhariri kasema aliomba mtu mmoja, nimemletea wawili, na mmoja ana alama za soli usoni. Kitabu kapewa Rula.

Rula hakunicheka. Afadhali angenicheka! Kavuta kiti, kaniwekea karatasi nyeupe, kasema jina langu litabaki kwenye jalada. Alichotaka ni nimchoree Chuma mara moja, yule wa kweli, ili amfuate. Nikachora. Siye. Nikachora tena. Wakawa wanne, na hakuna hata wawili wanaofanana. Miaka mitatu nimeshinda naye na kulala namuwaza, na sura yake siijui. Nikalia pale pale mezani. Rula kajifanya anachonga penseli.

Jumapili, 9 Machi

Jana kutwa sikutoka kitandani. Leo mama mkwe kaiona ndala yake chini ya meza yangu ya hapa nyumbani, wino bado umo. Kaivaa, kapita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kila hatua ya mguu wa kushoto kaacha Chuma mmoja, kuanzia sebuleni mpaka jikoni, anatabasamu. Wote wanafanana! Nimewahesabu nikiwa nimepiga magoti na tambara mkononi. Ishirini na sita. Moyo umeniuma mno.

Lakini huku nikiwafuta, wazo likaja. Kitabu kipya! Kurasa mia tatu. Shujaa anavaa kinyago, kwa hiyo hana uso wa kunisumbua. Mke wangu kauliza kama safari hii nitamchorea karatasi ya sura. Karatasi ya nini, na kinyago ninacho kichwani?

Hadi jioni nimemaliza kurasa nne. Mama mkwe kazipitia, kisha kauliza: yule wa mwanzo kinyago chake kina pembe mbili, huyu wa pembe tatu ni nani?

Nimemwambia ni pacha wake.