Mbegu Zilizovuruga Zamu

Msambweni, Jumatatu

Kwa Daktari Absalom,

Asalaam aleikum, na kama hiyo si salamu ya kwenu, basi habari za kazi. Mimi ni Bi Esha, mke mkubwa wa Mzee Nassir, yule uliyempandikiza mbegu za mionzi ndani ya tezi dume ili ziue saratani. Saratani inarudi nyuma, alhamdulillahi, na kwa hilo nakuombea dua kila nikiswali. Hapa naandika kuhusu mengine.

Mwenzangu Twaiba, mke mdogo, yuko Shimoni na ana mimba. Wewe ulimkataza mume wetu asikae karibu na mja mzito mpaka mionzi ipoe. Basi zamu zote za Shimoni zimeniangukia mimi, mwanamke niliyekwisha kuzoea kulala nusu ya juma bila bughudha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chujio langu la tui. Ulimwagiza achuje mkojo siku za mwanzo, isije mbegu ikatoka nao isionekane. Chujio la hospitali lilimpotea njiani, akachukua langu bila kusema. Nimekuja kujua wali umekwisha kupakuliwa na wageni wamekwisha kunawa. Nikawaambia nazi ilichacha, nikawapa mkate.

2. Mkojo wenyewe. Unamwamsha kila saa, unamchoma, na unatoka kwa kusuasua. Choo chetu kiko uani. Mwanamume huyu amevua papa ujana wake wote, lakini sasa hathubutu kwenda uani peke yake. Nasimama mlangoni na taa, naye humo ndani ananisimulia utoto wake ili nisiondoke. Miaka yote ya ndoa sikujua kwamba aliwahi kutoroka chuo cha Kurani akajificha kwa shangazi yake kwa kuogopa fimbo ya mwalimu. Nilikuwa naishi vizuri tu bila kujua.

3. Ulimwambia pia kwamba ile kazi ya chumbani yaweza kulala kwa muda. Kwa hilo sina neno, umri umekwenda. Neno langu ni kwamba mtu huyu, kwa kukosa hilo, amegeukia mazungumzo. Ananiuliza nimeamkaje, kisha anangoja jibu. Juzi alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, na majirani wakaja kutazama. Hafsa wa nyumba ya pili ameniomba nikuulize kama mumewe naye aweza kupandikizwa, ingawa ni mzima. Nimeuliza.

4. Hili ndilo kubwa. Dini yetu inamtaka mume awe mwadilifu kwa wakeze, na anayemwelemea mmoja atafufuliwa ubavu umeinama. Mzee Nassir ameelemea kwangu kwa amri yako. Akiulizwa siku hiyo atakutaja jina, nami nitakuwa shahidi.

Usinidhanie sina moyo. Siku mliyomwingiza chumba cha upasuaji nilikaa kwenye benchi nikaogopa sana, nikajiona nimekwisha kuwa mjane. Lakini hofu ni hofu na haki ni haki. Naomba uandike cheti kwamba mionzi imepoa, arudi Shimoni, amlipe Twaiba zamu zake, nami nirudishiwe usingizi wangu.

Nisalimie wauguzi wote, hasa Concepta aliyeninunulia chai siku ile. Nisalimie mkeo na wazee wako huko bara, na Mola aithibitishe mikono yako kazini.

Ni mimi mwenye kulalamika kwa heshima,
Bi Esha, mke wa Mzee Nassir

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa. Alhamisi alikuja kwako kliniki, ukamwambia mionzi imepoa na yuko huru. Amefungasha nguo zake kwenda Shimoni, na Twaiba amejifungua mtoto wa kike, salama. Ni haki yao, nami nimewapelekea samli na pilipili manga ya uji wa mzazi. Jana usiku niliamka nikawasha taa, nikakaa kitandani mpaka alfajiri. Daktari, ikiwa zimebaki mbegu mbili tatu huko kwenu, mwongezeeni. Usimwambie nimeomba mimi.