Baragumu Halifiki Kwangu, na Kamati Ininunulie Amplifaya

Gideoni, karani mstaafu wa mizani ya mkonge,
Suji, Same.
Februari 1990

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ndiva ya Mshituni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Eliakunda, shikamoo.

YAH: KUTOSIKIKA KWA BARAGUMU, KUNYIMWA MAJI BILA KUSIKILIZWA, NA AMPLIFAYA

Nakuamkia kwa heshima mbili, ya cheo na ya ukwe, maana wewe ni baba mdogo wa mke wangu Rogathe, na mahari yangu uliipokea kwa mikono yako ukalalamika juu ya yule mbuzi wa pili. Lakini katika barua hii naomba ukwe tuuweke kando. Naandika kama mkulima anayedai haki yake. Wapo watu wa makabila mengine wanaosema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi sina ng'ombe wa kuuza, kwa hiyo naandika barua.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne iliyopita baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, lililia kuwaita watu wakazoe tope kwenye ndiva yetu, bwawa ambalo bila hilo mashamba ya huku yangekuwa vumbi. Mimi sikufika. Sheria ya tangu mababu ni kwamba nyumba isiyotoa mtu msaragambo hukosa zamu ya maji. Kwa maana hiyo maharage ya Rogathe, ambayo ndiyo yalikuwa yanaanza kuchanua, yanakufa kwa kiu, na Rogathe mwenyewe tangu siku hiyo hanisemeshi. Ananiwekea makande, anageuka, anaondoka. Nina hofu, Mzee, wala sifichi. Mwanamke akinyamaza namna hiyo huwa anapanga mizigo, na njia ya kwa mama yake, kule Bombo, anaijua.

Kamati haijaniletea hukumu, lakini mimi si mtu wa kusubiri hukumu ndipo nikate rufaa. Hoja zangu ni hizi.

1. Kuhusu asili ya spika. Unazijua spika zangu, maana vijana walipozipandisha kutoka barabarani ulikuwepo, ukauliza ni majeneza ya nani. Si majeneza. Mkonge ulipoanguka bei na meneja wetu Mgiriki kule tambarare akafunga virago, sisi makarani tulipanga foleni ya kiinua mgongo. Fedha hazikuwepo. Wa kwanza alipewa kitanda cha chuma, wa pili mizinga ya nyuki, na mimi nikapewa spika mbili zilizokuwa sebuleni kwa meneja mwenyewe. Mbao zake zimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Aliniambia kwao Ulaya mtu huziwekea akiba kama anayejenga nyumba. Miaka yangu yote ya kupima mkonge imo ndani ya masanduku yale, Mzee, sina kingine nilichopanda nacho mlima. Anayezicheka anacheka maisha yangu.

2. Kuhusu uchaguzi wa amplifaya. Spika bila amplifaya ni kabati lisilofunguka. Zamani mtu aliweza kujitetea kwamba vitu havipo, hata sabuni tuliipangia foleni. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka ya Same yamejaa, na umaskini wetu hauna tena kisingizio. Nilishuka Same na fedha ya mbuzi mmoja, nikakuta amplifaya za namna tatu, zote zinakubali betri ya gari.

Ya kwanza ni ya dukani, mpya, imetoka Dubai. Ina taa za kijani na nyekundu zinazopanda na kushuka, na juu ya boksi wameandika wati elfu moja. Ya pili ilikuwa ya klabu ya shamba la mkonge, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, na upande wake mmoja ni bubu. Ya tatu aliiunda mwenyewe fundi Hamdani, yule wa redio karibu na stendi, ndani ya kopo la biskuti. Haina kifuniko, na ukiigusa vibaya inakusalimia.

Hamdani alinipa somo ambalo sikuliomba. Alisema wati za kwenye boksi ni za mdomo, na kwamba amplifaya haichaguliwi kwa macho, inanyanyuliwa. Ikiwa nyepesi ujue transfoma yake ni ndogo na haina kitu. Kisha akasoma kikaratasi nilichonakili maandishi ya nyuma ya spika, akaona omu nne, kipimo chao mafundi, akatikisa kichwa. Akasema spika za namna hii zinakula umeme kama vibarua wa mkonge wanavyokula ugali, na amplifaya dhaifu ikilazimishwa hupayuka, na kupayuka huko ndiko kunakounguza spika, wala si nguvu nyingi. Ushauri wake nichukue ile nzito ya klabu, bei yake naiweza, nisikilize upande mmoja kwa uvumilivu mpaka atakapopata kipuri cha upande wa pili.

Sasa wewe ni mtu mzima, nikuulize. Mtu ajaliwe spika mbili halafu asikilize moja? Si ni kama kualikwa arusini ukae na mguu mmoja nje? Nilichukua ile ya Dubai. Mwenye duka alikubali niijaribu kwanza, nikamwachia baiskeli yangu kama rehani. Ni kweli niliinyanyua kwa vidole viwili, lakini nilijiambia kwamba wepesi ni faida kwa mtu anayepanda mlima.

3. Kuhusu siku yenyewe. Jumamosi ilikuwa Sabato, nisingeweza kujaribu kitu. Jumapili na Jumatatu betri niliyoazima ilikuwa bado iko chaji. Jaribio likaangukia Jumanne asubuhi, na hapo Kamati itaona kwamba siku sikuichagua mimi. Nilifunga mlango na madirisha ili besi isitoroke, nikaunganisha redio. Ikawa ni saa ya matangazo ya vifo. Mzee, sijapata kusikia vifo vikitangazwa kwa usafi namna ile. Mtangazaji alimeza mate, nikamsikia akimeza. Alipomtaja marehemu mmoja wa Kwakoa nilivua kofia nikajibu pole. Baadaye ikaja kwaya, nami nikaongeza sauti mpaka taa zote zikawa nyekundu na vikombe vikaanza kutembea mezani. Katika hali hiyo ndipo baragumu lilipolia kule ndivani. Watu wanasema lililia mara nyingi. Mimi nasema halikulia, kwa sababu mwito usiomfikia mwitwa haujaita.

4. Kuhusu baragumu. Namheshimu sana Mzee Manase, mpiga baragumu wetu, na ile pembe ya tandala ni urithi wetu sote. Lakini meno yake ya mbele yamekwisha na pumzi inatokea pembeni. Sauti inayobaki ni ya ndama aliyefungiwa zizini. Je, ni haki nyumba ya mtu ikose maji kwa sababu ya meno ya mtu mwingine? Jirani yangu Benson, aliyekuja haraka haraka kunikumbusha kwamba asiyefika hukosa zamu, anadai alilisikia vizuri. Benson hana spika. Ushahidi wake ni wa upande mmoja.

5. Kuhusu shahidi wangu. Mke wangu naye hakulisikia. Nina hakika, kwa kuwa angelisikia angeniambia. Asubuhi ile aliingia akasimama mbele yangu akichezesha midomo, nami nikamwinulia kidole asubiri, maana besi ilikuwa inakuja. Akatoka na jembe. Nadhani alikwenda kuchimba viazi. Alirudi jioni ana tope mpaka magotini, akaoga, akala, akalala bila neno. Mtu aliyesikia baragumu hawezi kunyamaza vile.

6. Kuhusu hasara. Maharage yamenyauka. Majani yamejikunja na ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Nayaandika haya kwa uchungu nikiwa hapa mezani kwangu, maana tangu amplifaya ije sijapata nafasi ya kwenda kuyatazama. Lakini mkulima wa siku nyingi hahitaji kuliona shamba ndipo alijue.

7. Maombi. Kwa kuwa kosa ni la baragumu, na baragumu ni la Kamati, naomba kwanza zamu yangu ya maji irudishwe, pamoja na zamu moja ya kunifuta machozi.

Pili, Kamati itumie faini za watoro kuninunulia amplifaya ya haki, nzito, yenye pande zote mbili, atakayoichagua Hamdani kwa kuinyanyua. Itawekwa kwangu. Spika zitageuzwa zitazame ndivani, na msaragambo utakuwa unaitwa kutoka sebuleni kwangu kwa sauti ya kufika Same, hata watoto wetu waliohamia huko mjini wakose usingizi na waje. Mzee Manase hatafukuzwa. Atakuwa anapuliza ndani ya kipaza sauti, akiwa amekaa kwenye kiti.

Tatu, mimi kama mtunza mitambo nisamehewe jembe, kwa sababu haiwezekani mtu yule yule awe mwita na mwitwa. Na siku zisizo na msaragambo, amplifaya isiachwe ikashika kutu. Nitaipiga mimi, bila kudai malipo.

Kamati ikikataa, sitakasirika. Nitakwenda Baraza la Kata, nikishindwa huko nitakwenda Same, kisha Moshi, na ikibidi nitaziuza hizo spika nipate nauli ya kesi. Hapo nitakuwa sina tena haja ya amplifaya, lakini nitakuwa nimeshinda.

Nisalimie mama hapo nyumbani, nimesikia mgongo umempa nafuu. Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, kila mmoja kwa jina lake, na umwambie Mzee Manase kwamba hoja ya nne nimeiandika bila chuki. Benson ukimwona usimpe salamu, mimi mwenyewe namwona kila siku.

Wako katika ukwe na katika kiu,

Gideoni

Nyongeza. Mzee, barua nilikuwa nimeshaibandika kwa ugali, imenibidi niipasue tena. Nilimwita Rogathe akuletee, naye akasimama mlangoni akitaka kujua nimekuandikia nini. Nikamsomea yote, hata ya meno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, kwamba lini mara ya mwisho nimefika shambani. Nikavaa viatu nikaenda, nikiwa na nia ya kuleta jani moja lililonyauka liwe kielelezo.

Viatu vimebaki huko, vimeshikwa na tope. Maji yamejaa kwenye matuta yetu, na maharage yamechanua meupe mpaka mpakani kwa Benson.

Rogathe alinifuata akasimama nyuma yangu. Akasema Jumanne alikuja kuniambia baragumu linalia, nikamwinulia kidole, basi akachukua jembe akaenda yeye, nyumba yetu ikahesabiwa, na zamu yetu ikaja Alhamisi kama ya watu wote. Hakuniambia kwa sababu alitaka kuona nitakaa mpaka lini bila kulikumbuka shamba. Na alipoona nimeanza kuandika alifurahi, kwa kuwa Mpare akiwa na kesi hasumbui nyumbani. Nilishikwa na aibu, Mzee, na ndani ya aibu ile nilikuwa na furaha, maana alikuwa ananisemesha.

Tukiwa bado tumesimama pale, baragumu likalia. Linasikika. Nimeisikia kila pumzi ya Mzee Manase, nimemsikia hata akimeza mate.

Kuhusu amplifaya, kuna jambo ambalo katika hoja ya pili sikupata nafasi ya kulieleza. Juzi jioni ile ya Dubai ilitoa moshi, na spika ya kushoto tangu hapo haijasema. Mwenye duka naona amepata baiskeli. Kwa hiyo nitashuka kwa Hamdani nikachukue ile nzito yenye upande mmoja bubu, kwa kuwa sasa hiyo na spika zangu zimelingana, kila mmoja ana upande wake bubu.

Naomba hoja zangu zote zisisomwe kikaoni. Kesi siifuti, naiahirisha. Naandika haya nimesimama, maana Rogathe ameshatangulia ndivani na majembe yote mawili begani, lake na langu, na mimi namfuata pekupeku.