Damu ya Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wa tanuri anastaafu. Nafasi ni yangu! Miaka kumi na mmoja nakanda unga katika kiwanda hiki cha mikate. Tatizo: meneja anasema penye joto lile hamweki mtu kabla moyo na damu yake havijapimwa. Mpinzani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, mpima unga. Tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Ameniangalia tumbo akauliza ni miezi mingapi. Mshenzi!

Jumanne, 4 Machi
Sili. Saa nne nimeonja mkate, kwa ajili ya ubora tu. Saa tano mwingine, kulinganisha. Sindano amekunywa soda yake ya nne na hanenepi. Upendeleo mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Kwenye mizani nimesimama kwa mguu mmoja. Muuguzi aliyeletwa kutupima akasema mizani haihesabu miguu. Kisha damu. Vichupa vimepangwa kwenye trei, majina yameandikwa kwenye vipande vya plasta. Alipogeuka kunawa mikono, nikabandua plasta yangu na ya Sindano, nikazibadilisha. Mwembamba ana damu safi, hilo hata mtoto anajua. Akili ni mali!

Ijumaa, 7 Machi
Muuguzi kaniita ndani, akafunga mlango. Sukari iko juu, mafuta ndio usiseme, nianze dawa leo, tanuri nisahau. Nikauliza kama mtu mwembamba anaweza kuwa na damu hiyo. Akasema sana tu: mafuta mengine hujificha ndani, kwenye ini, na moyo ndio unaoumia. Nikatoka. Nje, Sindano anacheza koridoni na majibu yangu mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu anamsifu kaka yake kwa afya. Nikisema, kazi imekwenda. Nikinyamaza, Sindano anasimama mbele ya tanuri na moyo ule, halafu mke wangu anazika. Naogopa. Chakula kimenishinda. Mimi!

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema. Muuguzi katupima upya, majibu ni yale yale, wenyewe tu ndio tofauti. Sindano hakunitukana. Aliketi juu ya gunia la unga akaniuliza kama atawaona wanawe wakikua. Nikamshika bega, nikamwambia atawaona, ameze dawa na aachane na soda. Nililia kidogo. Meneja kanifokea, cheo akampa mama wa kufungasha mikate, ambaye hata hakuomba.
Muuguzi akaniambia damu yangu ni safi kwa sasa, lakini kitambi hakina urafiki na moyo, kikikaa miaka damu nayo hugeuka. Mwezi ujao atarudi kunipima kiuno kwa tepu. Kisipopungua, meneja ananitoa kiwandani ananipeleka getini kuwa mlinzi.

Jumanne, 11 Machi
Nimeyatafakari maneno ya muuguzi. Damu safi: hilo nimelisikia vizuri. Yale mengine aliyasema haraka haraka. Nimekula mikate miwili na siagi kusherehekea.
Kuhusu kiuno, hakuna shida. Nimenunua tepu mpya kabisa ya kumzawadia muuguzi. Nimekata sentimita kumi za mwanzo, sasa inaanzia kumi. Tepu ikipungua, kiuno nacho kitapungua. Wasomi hawalijui hili!