Waridi kwa Mujibu wa Karatasi

Tarehe 3 Agosti 1998, saa mbili na dakika kumi asubuhi, rangi iliyokuwa ndani ya kopo juu ya meza ya Mkurugenzi Salvator, ofisini mtaa wa Kinindo, ilikuwa waridi. Rangi za vyama vya siasa zilikwisha kumwaga damu ya kutosha. Kwa hiyo Idara yake ya Rangi Tulivu ilitangaza kwamba waridi haijawahi kuua mtu, na magari yote ya Serikali yatapakwa rangi hiyo, kuanzia la Mkurugenzi.

Tajudini, fundi wa kupulizia magari rangi kule mtaa wa Asiatique, aliyepewa kazi hiyo, aliomba jambo moja.

"Shefu, tutoke nayo inje. Sisi mafundi tunaangaliaka rangi ku jua."

"Ofisi haitoke inje, fundi. Hilo jua lako nani amelisajili?"

Rangi ile ilikuwa na unga wa aina yake, uliogeuka kulingana na mwanga. Chini ya taa mpya za neoni za ofisini, zilizotolewa kwa msaada, ambazo mwanga wake ulibanwa ukabaki wa rangi tatu tu, ilikuwa waridi. Juani ilikuwa njano. Tajudini alilijua hilo kesho yake, gari la Mkurugenzi alilolipulizia lilipokauka uani kwake likang'aa kama ndimu iliyoiva.

Idara ilichunguza. Gari liliingizwa chini ya neoni mara nne, likawa waridi mara nne. Ikathibitika kwamba kosa ni la jua. Kwa kuwa jua halina anwani, ilichukuliwa kompresa ya Tajudini, mashine ya kupulizia rangi iliyokuwa ikilisha watu tisa, naye akakatazwa kwa maandishi kutazama rangi yoyote nje ya jengo. Kisha ikatoka amri: gari lisilofanana na rangi iliyoandikwa kwenye karatasi yake likamatwe pamoja na aliyemo, bila kujali cheo, na maelezo yoyote yahesabiwe kuwa jaribio la kutoroka.

Ijumaa, saa kumi alasiri, jua kali, Salvator alisimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha askari barabarani, akirudi kwake Kinanira.

"Karatasi inasema waridi," alisema koplo Marcellin. "Gari ni njano."

"Koplo, chini ya neoni..."

"Hayo ni maelezo, mukubwa."

Tajudini aliletwa kama mtaalamu. Alifika, akaligeuzia gari mgongo.

"We fundi!" koplo aliamuru. "Angalia, useme rangi!"

"Mi nilikatazwa kuangalia inje, shefu. Karatasi ni hii."

Koplo aliisoma, akaiona halali. Salvator, jasho likimtiririka, aliandika karatasi nyingine juu ya boneti: katazo limefutwa, kompresa irudishwe leo. Tajudini aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Ndipo akageuka, akalizunguka gari taratibu.

"Njano," alisema. "Wallahi, njano."

Saa kumi na moja na robo, koplo alitoa risiti ya vilivyokamatwa: gari moja, njano, mkurugenzi mmoja, rangi yake bado haijathibitishwa.