Nguo ya Malkia Mama, Msiba wa Mjomba Dapaah

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kwanza shule ya sanaa ya likizo. Tuko kumi na mmoja, wote watu wazima. Kazi yenyewe ni kupiga chapa nguo: muhuri wa kibuyu, wino wa magome ya mti, kitambaa cheupe. Kazi ya mtoto. Mwalimu wetu ni Afriyie, yule yule niliyemchapa nilipomfundisha darasa la nne kwa kuchora kuku kwenye daftari la hesabu. Amenisalimia kwa heshima. Nadhani amesahau.

Jumamosi Malkia Mama, mkuu wa kike wa jadi wa mji wetu, atakuja kwenye maonyesho, na nguo bora ataivaa mwenyewe. Nimeshawaambia wazee wote wa kanisa kwamba itakuwa yangu. Mke wangu Dufie akauliza kama nimewahi kushika muhuri. Wivu huo.

Jumanne, 6 Agosti

Muhuri unateleza. Mistari imekwenda upogo, madoa kila mahali. Karibu yangu anakaa Mama Birago, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka. Anagonga muhuri huku akisimulia ugomvi wa majirani, wala hatazami, na mistari yake imenyooka kama ya rula. Afriyie alisimama kwake dakika kumi. Kwangu alipita tu, akasema, "Mwalimu, mistari yako imelewa." Darasa zima likacheka.

Hajasahau.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata dawa. Madoa yanaonekana kwa sababu kitambaa ni cheupe. Basi kisiwe cheupe. Wenzangu walipokwenda kula nikakitumbukiza chote kwenye sufuria ya wino mzito. Kikatoka cheusi ti, doa hulioni hata kwa tochi. Nikakianika langoni mwa shule ili wapita njia wakione.

Wakakiona. Nguo nyeusi langoni, kwetu ina maana moja tu: kuna aliyefiwa. Kufika saa tisa watu walikuwa wanaingia na viti vyao, wakiniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Mama Birago alishaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega. Ningesemaje? Kwamba nimeharibu nguo ya Malkia Mama? Nikasema: Mjomba Dapaah.

Sijui kwa nini yeye. Ndiye aliyenijia kichwani. Yuko salama shambani kwake, mwendo wa saa mbili. Shamba la kakao, na mpwa wa kulirithi ni mimi. Kwa hiyo sikuongopa hasa. Niliwahi tu.

Alhamisi, 8 Agosti

Msiba una raha zake. Mama Birago ameniletea kenkey na samaki wa kukaanga. Afriyie amenibebea kiti. Hakuna anayetaja mistari.

Alasiri Afriyie akanivuta kando. Akasema kwa upole kwamba najua mwenyewe mila: mfiwa hapeleki nguo kwa Malkia Mama, wala hasogei alipo. Atapelekewa ya Mama Birago. Nimejiponza mwenyewe. Wazee wa kanisa nitawatazama kwa macho gani? Nimekosa hamu ya kula. Samaki wawili tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Hakuna njia ila kumfufua mjomba. Nikawatangazia kwamba habari za shambani zilikuja haraka mno: alizimia tu, amezinduka, ameomba supu. Wakashangilia. Mama Birago akapiga magoti, akasema muujiza kama huu lazima tuuone kwa macho. Akamwagiza mumewe, dereva wa teksi, akamlete mjomba kesho. Nikasema jamani, mgonjwa apumzike. Hakuna aliyenisikia.

Jumamosi, 10 Agosti

Malkia Mama alifika saa nne. Mjomba saa nne na robo. Akataka kujua kwa nini watu wanampapasa. Walimweleza kumi kwa pamoja. Hata Malkia Mama aligeuza kiti asikie vizuri.

Nikamwambia mjomba kwamba nilikuwa napima watu wangapi watamlilia, na ni wengi sana. Akasema amefurahi kusikia. Ila dada yangu Serwaa humpalilia shamba kila mwezi na hajamzika hata mara moja, kwa hiyo shamba ni la Serwaa. Amelisema hilo mbele ya Malkia Mama, basi halirudi nyuma. Kisha akaipapasa nguo yangu nyeusi, akasema imekolea vizuri. "Itunze, mpwa wangu. Utaivaa nikifa kweli. Na siku hiyo usije mapema."

Malkia Mama aliondoka amejifunga nguo ya Mama Birago. Iliniuma. Kwenye lile shamba nilishajenga nyumba ya ghorofa, kichwani.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Nimetafakari sana nilipokosea, na nimepaona. Ni umbali. Mjomba wa mwendo wa saa mbili yuko karibu mno.

Afriyie anasema Desemba kutakuwa na darasa la ufinyanzi, na Malkia Mama atachagua chungu. Nimejiandikisha. Wazee wa kanisa nimewaambia wakati wa kutoka.

Nina shangazi Abidjan. Haji hata kwenye harusi. Nimeshamdokeza Dufie kwamba afya yake si nzuri.