Mjusi Ndani ya Chungu cha Bibi

Jumatatu, 4 Agosti

Mwalimu wetu wa kipaimara ametutaka tuandike shajara wiki hii ya mwisho. Naahidi kuandika yote, hata yatakayonivunjia heshima. Hakuna atakayesoma ila mimi na Mungu.

Jumapili askofu anakuja, na mmoja wetu atasoma somo mbele ya kanisa zima. Mwalimu atachagua Alhamisi. Nataka niwe mimi! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka Bibi, ninayeishi naye, akauliza nagombana na nani humo ndani. Kikwazo ni kimoja tu: Kinanda. Ndivyo tunavyomwita mwenzetu mmoja kwa ajili ya sauti yake tamu. Hata akisoma zamu za kufagia, watu hufumba macho.

Leo tumejifunza sheria za unajisi za Waisraeli wa kale. Mwalimu, ambaye siku za kazi ni fundi cherehani, alitandika futi kamba yake sakafuni: huku walio safi, kule walio najisi. Aliyegusa mzoga wa mjusi alikuwa najisi mpaka jioni, asikaribie patakatifu.

Mpaka jioni! Darasa letu ni saa tisa alasiri. Tena ndani ya kanisa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mjusi, nyuma ya pipa la maji. Alikufa mwenyewe, naomba hilo lieleweke. Nilimwokota kwa kijiko, maana kijiko hakikutajwa, nikamficha kwenye chungu kidogo cha Bibi kinachokaa kitupu juu ya kabati. Alhamisi ataingia kwenye mfuko wa Kinanda. Kinanda atamgusa. Basi.

Chakula hakikushuka. Nadhani ni furaha.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa! Nimesoma mbele zaidi. Mzoga ukianguka ndani ya chombo cha udongo, chombo kinavunjwa. Hakioshwi. Kinavunjwa. Cha mti kinalowekwa tu. Kwa nini sikutumia cha mti?

Nilizunguka jikoni saa nzima. Chungu kile Bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Lakini siwezi kushika sheria ya mjusi nikaiacha ya chungu. Nilimhamishia mjusi kwenye bahasha, nikafumba macho, nikakipiga chungu kwa mchi. Vigae nikavifunga kwenye gazeti, nikavifukia uani.

Jioni Bibi aliuliza chungu chake kiko wapi. Nikasema paka. Bibi akamtazama paka kwa muda mrefu. Paka akanitazama mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Natamani kuliruka ukurasa huu, ila niliahidi.

Wakati wa wimbo niliitia bahasha kwenye mfuko wa Kinanda. Akaitoa, akaifungua, mjusi akamwangukia kiganjani. Hakupiga hata kelele! Alimwambia mjusi: masikini, na wewe umekuja kipaimara? Darasa zima likaangua kicheko. Akamfukia nje, akanawa kwa sabuni, akarudi kukaa.

Nikasimama. Nikasema Mwalimu, huyu ni najisi mpaka jioni, asisome. Halafu mtu nyuma akauliza tangu lini mimi ni polisi wa mijusi.

Mwalimu hakucheka. Alisema kuwa najisi hakukuwa dhambi. Aliyemzika mama yake alikuwa najisi, na nani angemlaumu? Sheria zile ziliwafundisha watu wasimwendee Mungu ovyoovyo. Akatandika tena futi kamba sakafuni. Akasema Yesu alimgusa mwenye ukoma, na badala ya Yesu kuchafuka, mgonjwa ndiye aliyetakasika. Akaiokota futi, akaikunja, akaitia mfukoni. Kinachomchafua mtu, alisema, ni kile kinachotoka moyoni: hila, wivu, kiburi.

Aliposema wivu alikuwa ananitazama. Au labda alitazama saa iliyo ukutani nyuma yangu. Naomba iwe saa.

Kinanda ndiye atakayesoma.

Ijumaa, 8 Agosti

Paka amefungiwa nje siku ya pili. Analia mlangoni, na mimi nimekaa upande huu nakunywa maziwa yake. Sikuweza tena. Nilimwambia Bibi yote: kijiko, mjusi, mchi.

Akasema alijua tangu jana alipofagia uani, kwa sababu bado hajaona paka anayefunga vigae kwenye gazeti. Alimwacha paka nje aone nitavumilia mpaka lini. Kisha akaniuliza kama naijua kazi yake kanisani. Naijua. Anaosha miili ya akina mama waliofariki. Akasema basi kwa sheria yangu angekuwa najisi wiki nzima kila mara, na kila mara alirudi akanipikia, nami nikala nikaomba kuongezewa. Akauliza, mbona masufuria hukuyavunja, mama?

Nililia mpaka kwikwi. Akanifuta uso kwa mikono ileile.

Tumevifukua vigae. Gundi haikutosha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwao Kinanda kuomba radhi. Akanikumbatia. Akasema alijua ni mimi, bahasha ilikuwa na jina langu. Sikujua pa kuweka uso. Akasema hana kinyongo, tena ana furaha sana, maana mama yake amemwambia hakuna anayesoma kama yeye, na hata yeye anaona ni kweli.

Hata yeye anaona ni kweli.

Nimebadilika kabisa. Sitagusa mjusi tena maishani. Ila nimemwandikia Mwalimu barua, na Kinanda, ambaye ni jirani yake, amekubali kuipeleka na kurudi na jibu leo hii. Mwema sana, huyu mtoto. Nainakili hapa:

Shikamoo Mwalimu. Asante kwa somo la Alhamisi, limenigusa sana. Mjusi ni mpaka jioni, hilo nimeelewa. Sasa mtu akichafuliwa na kiburi chake mwenyewe, tuseme Jumamosi saa nne asubuhi, ni najisi mpaka lini? Ibada ni kesho saa tatu, na somo mimi nimelihifadhi lote. Je, atakuwa amekwisha takasika?